Vitambaa vya Njano vya Mabanga

Lundi 15 septemba
Cahier hii, daftari la kazi, Mama Wivine alinipa niandike milango. Milango naandika mbele: saa, jina, kitambaa, sawa. Lakini mutu mwenye kichwa kama changu hawezi kuishia kwenye "saa, jina, kitambaa, sawa". Basi nimeigeuza cahier, na huku nyuma ni kwangu. Mama Wivine hatafika huku, yeye anasoma kuanzia mbele kama watu wote.

Jina langu Carlos. Niliacha shule troisième, mwaka wa tatu wa sekondari, na si kwa ujinga, walimu ndio walichoka. Nina chukudu. Kwa mutu ambaye hajafika Goma: ni mbao mbili ndefu, magurudumu mawili ya mbao, usukani kama pembe za ng'ombe. Hakuna moteur, hakuna pedali. Unasukuma na muguu, na ukifika kwenye mteremko unakanyaga kipande cha pneu, tairi kuukuu, kinachoitwa freni na kuomba kwa lugha zote unazojua. Nimeshuka toka Kibumba na magunia sita ya viazi, na hakuna kiazi hata kimoja kilicholalamika.

Sasa natumika kwa Foyer, nyumba wanamokutana wazee, hapa Mabanga. Mama Wivine ndiye mukubwa wa Foyer. Mama mzuri, ila anatembea kama bata mwenye haraka. Wazee kumi na wawili wa kartie yetu, mtaa huu, wanakaa peke yao. Kila mumoja alipewa kitambaa cha njano. Akiamka anakifunga kwenye nguzo ya mulango, jioni anakitoa. Asubuhi napita: nikiona kitambaa, muzee yuko. Nisipokiona, naingia. Saa sita narudi na gamelle za chakula, bakuli zenye kifuniko, isipokuwa dimanche, siku ya kanisa.

Leo vitambaa kumi na viwili. Kazi ya mutoto wa miaka sita, na mimi nina kumi na tisa.

Mardi 16 septemba
Kumi na viwili. Dakika arobaini, mzunguko wote. Rekodi.

Lundi 22 septemba
Kumi na viwili. Lundi ni siku ya gym pale Foyer. Wazee wanakaa kwenye viti na kuinua mikono kama watu wanaoiba mapera. Mardi Paulin, infirmier, muuguzi wetu, anawapima tension, presha ya damu. Jeudi wanasaidiwa kupigia simu watoto wao, na hapo ni kelele tupu, kila muzee anaamini kwamba Kisangani ni mbali kwa hiyo lazima apige makelele mpaka ifike.

Anayenisumbua ni Papa Idrissa. Aliendesha camion, lori kubwa, miaka arobaini, Butembo, Walikale, Kisangani, na mpaka leo anaona dunia yote kama convoyeur wake, utingo wa kutumwa. Chukudu yangu anaiita "gari iliyokufa", na mimi "apprenti", mwanafunzi wa kazi.

"Apprenti! Ile gari yako iliyokufa, walisahau kuizika?"

"Papa Idrissa, hii inafika. Camion yako iko wapi?"

"Camion yangu ilikuwa na klakson, honi ya kuamsha kijiji. Wewe una nini?"

Nina kengele, nilitoa kwenye baiskeli ya zamani. Nikaipiga. Akacheka mpaka akakohoa.

Lundi 29 septemba
Mvua imeanza. Kumi na viwili.

Vendredi 3 oktoba
Kumi na viwili. Mvua toka alfajiri, mawe ya volkano yanateleza kama yamepakwa sabuni.

Papa Idrissa alinisimamisha. Kitambaa chake amekifunga na kipande cha mpira wa chambre à air, ule wa ndani ya tairi, fundo lile la kufungia bâche, turubai la camion. Hata upepo wa ziwa haukitikisi.

"Apprenti, magoti yangu na hii mvua hayapatani. Kufunga asubuhi, kufungua jioni, ya nini? Wewe si unapita? Si unaniona kwa macho?"

"Nakuona, Papa. Hata nikifumba macho nakusikia."

"Basi kitalala hapa nje. Na yule mama yako wa Foyer asijue, atanifanyia mkutano."

Tukapeana mukono kama wanaume. Niliona ni jambo la akili kabisa. Mimi nasimama kwa kila mulango, nasalimia, natukanwa, nakwenda. Kitambaa ni cha wavivu.

Jeudi 9 oktoba
Kumi na viwili. Wanasema kolera imeingia chini kule, fasi wanapochota maji ya ziwa. Mama Wivine amenipa kidumu cha maji ya klore, ya kuulia vijidudu, nifunge kwenye chukudu, na gants za mikononi. Nilimwambia kolera haiwezi kunikamata, nakwenda mbio sana. Hakucheka.

Lundi 13 oktoba
Kumi na viwili. Muzee Jean-Bosco alikuwa na sauti ndogo leo. Alisema ni usingizi.

Mardi 14 oktoba
Kumi na kimoja.

Nilidhani nimehesabu vibaya. Nikarudi nyuma. Nguzo ya Muzee Jean-Bosco ilikuwa tupu, msumari peke yake, na maji yanadondoka kwenye msumari.

Nilipiga kengele. Nikaita, "Muzee! Jean-Bosco wa sacristie!" maana alilinda sacristie, chumba cha padri pale kanisani, miaka mingi na anapenda tumwite hivyo. Kimya. Sheria inasema naingia. Nikaingia.

Sitaandika yote. Harufu ilinifikia kabla ya macho. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ndoo, na alikuwa mudogo. Jana hakuwa mudogo. Macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mutu aliyefua siku nzima. Aliniangalia na hakunijua. Alisema "maji". Nilikuwa na kidumu cha klore tu, si maji ya kunywa, na mimi, Carlos wa Kibumba, nilisimama pale na kidumu na sikuweza kusogeza muguu. Nilihesabu mbao za ukuta. Zilikuwa kumi na tisa. Halafu nikakimbia nje na kupiga makelele mpaka watu wakatoka.

Wale wa matibabu walikuja na machela, wamevaa plastiki mwili mzima. Mumoja aliniuliza, "Umemgusa?" Nikasema hapana. Akasema vizuri. Mimi sikuona kama ni vizuri.

Nimenawa na klore mpaka mikono imekuwa myeupe. Bado naisikia ile harufu. Hata sasa naandika nanusa kalamu.

Jeudi 16 oktoba
Muzee Jean-Bosco amekufa. Walimzika wale wa plastiki. Mama Wivine alikuja kuchukua kitambaa chake, akakikunja, akakiweka kwenye mufuko wa robe, gauni lake.

Sasa ni kumi na kimoja.

Samedi 18 oktoba
Kumi na kimoja. Nimegundua njia mpya. Sihitaji kushuka. Nabaki barabarani, natazama nguzo juu ya ukuta wa mawe, napiga kengele mara mbili, naandika. Saa sita naweka gamelle kwenye ngazi ya mulango, napiga kengele, natoka mbio. Wenyewe wanakuja kuichukua. Ni usafi. Mutu yeyote wa afya angesema hivyo.

Mardi 21 oktoba
Kumi na kimoja. Tumbo linaniuma. Niliamka nikalishika, nikangoja. Hakuna kitu. Ni woga tu, woga nao una tumbo.

Jeudi 23 oktoba
Kumi na kimoja. Mama Micheline, yule wa Butembo anayesali rozari kwa sauti ya kuuza samaki, aliniona toka dirishani.

"Wewe Carlos! Siku hizi unatusalimia kama tuna deni lako?"

"Niko na haraka, Mama."

"Haraka ya kwenda wapi? Fika hapa uniangalie hii mukono inavimba."

"Mardi Paulin atakuangalia."

Akafunga dirisha. Mama Micheline hajawahi kunifungia dirisha. Nilisukuma chukudu bila kugeuka.

Samedi 25 oktoba
Kumi na kimoja. Mvua kubwa. Gamelle za sombe, majani ya muhogo, na maharagi. Kengele, mbio.

Dimanche 26 oktoba
Kumi na kimoja. Wote sawa.

Lundi 27 oktoba
Nataka kuandika pole pole, maana mistari inapanda juu.

Asubuhi vitambaa vyote vilikuwepo. Niliandika sawa. Saa sita nilirudi na chakula. Kwa Papa Idrissa nilipita pengo la ukuta niweke gamelle kwenye ngazi, na pale pale kulikuwa na gamelle nyingine. Imefungwa. Nikafungua kifuniko. Sombe na maharagi, imeota ukungu. Ya samedi, siku mbili nyuma.

Sijui nilisimama muda gani. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kartie yote. Kitambaa cha njano kilikuwa pale kwenye nguzo, kimefungwa na mpira, fundo la bâche, halijaguswa. Nilikitazama kama mutu aliyenidanganya. Lakini hakikunidanganya. Mimi nilijua kinalala nje. Tulipeana mukono.

Nilifikiria machela. Nilifikiria vidole vya Muzee Jean-Bosco. Nikasema moyoni: nenda kamwite Paulin. Paulin ana gants nzuri. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka, naiandika hapa kwa sababu ni kweli, ilikuwa imeshageuka kuelekea barabara.

Ndipo nikasikia. Kitu kinagonga mbao kutoka ndani, chini kabisa. Taratibu. Moja. Halafu kimya. Halafu moja.

Nikasukuma mulango, haukufunguka vizuri, kitu kilizuia. Nikapita ubavu. Ilikuwa yeye. Amelala nyuma ya mulango, na bakora mukononi, anagonga nayo. Nilishika pumzi ningoje ile harufu. Haikuja. Ilikuwa harufu ya mkojo tu na ya muzee. Muguu wa kushoto ulikuwa umegeuka vile muguu hautakiwi kugeuka.

Hakuwa na kolera. Hakuwahi kuwa na kolera. Alitoka samedi kuchukua gamelle kwenye ngazi, akateleza kizingitini. Aliniambia kwa midomo iliyopasuka. Bidon ya maji ilikuwa karibu, ndiyo ilimushika mpaka leo.

"Dimanche nilikusikia," akasema. "Kengele yako. Nikakuita. Mabati yanapiga kelele. Nikakuita tena. Ukaenda."

Nikashika bidon, nikamlowesha midomo.

"Gari iliyokufa iko?"

"Iko, Papa."

"Basi usilie. Convoyeur hapa kwetu halii mpaka mzigo ushuke."

Nikamwita Adalbert, fundi wa milango anayekaa nyuma. Tulimfunga muguu na ubao, tukamlaza kwenye godoro juu ya chukudu, na kamba ya mpira kifuani. Adalbert akashika nyuma, mimi mbele. Toka Mabanga mpaka hospitali kuna mteremko wa mawe, na sijawahi kuogopa mteremko, hata ule wa Kibumba wenye ukungu. Leo kila jiwe nililiogopa kwa jina lake. Akipiga kelele mimi napiga kelele. Katikati akaanza kuniongoza, macho amefumba:

"Freine. Freine, apprenti. Usikanyage yote, utapindua. Nusu. Nusu! Hapo shika kulia. Unaendesha kama mutu anayeuza mzigo wa mwenzake."

Niliendesha hivyo alivyosema. Nusu, kulia, nusu. Kisigino changu kimechubuka mpaka nyama.

Hospitali walisema ni mfupa wa nyonga. Walisema pia amekauka, na kwamba siku moja zaidi tungewaletea maiti.

Mardi 28 oktoba
Kumi. Cha Papa Idrissa nimekikata na kisu, fundo halikufunguka.

Mama Wivine alisimama mbele ya wazee wote, saa ya tension, akasema Carlos ameokoa mutu. Wakapiga makofi. Mama Micheline akapiga vigelegele. Mimi napenda makofi, kila mutu anajua. Nilitamani ardhi ya Nyiragongo, volkano yetu, ifunguke kidogo, fasi ya mutu mumoja tu.

Mbele ya cahier kuna mustari unaosema: Dimanche 26, Idrissa, kitambaa, sawa. Mwandiko mzuri kabisa.

Vendredi 31 oktoba
Kumi. Nilikwenda hospitali na Mama Wivine. Niliingia kama mutu anayeingia polisi. Mama Wivine akamuuliza Papa Idrissa, "Papa, ulianguka lini?"

Papa Idrissa akaniangalia, halafu akaangalia dari.

"Lundi. Alfajiri. Nilitoka kufunga kitambaa, nikateleza."

Mama Wivine akaandika. Alipokwenda kumtafuta docteur, muzee akanivuta shati.

"Dimanche haikuwepo. Umesikia? Miye nilikuomba ile kitu ya kitambaa, wewe ukakubali, tuko wajinga wawili. Watakufukuza bure, na mimi watanifanyia mkutano."

"Aksanti, Papa."

"Usiseme aksanti. Leta ndizi."

Nilirudi nasukuma kwa nguvu. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Ile bakora bado inagonga. Moja, halafu kimya.

Samedi 1 novemba
Kumi. Toussaint, siku ya Watakatifu Wote. Mvua.

Mardi 4 novemba
Leo nimeogopa kuliko siku zote, na hakuna mutu aliyekufa.

Mvua ilinyesha kwa nguvu, ikakata saa kumi na moja na nusu asubuhi. Nilipita saa kumi na mbili, jua linatoka, kila kitu kinametameta. Kwa Mama Micheline kitambaa kilikuwa kinadondosha maji. Nikasimama. Mutu akiamka na kufunga kitambaa baada ya mvua, kitambaa ni kikavu. Hiki kilikuwa kimelowa kama kimetoka kwenye beseni.

Nikarudi mulango wa kwanza, nikaanza kushika. Kikavu. Maji. Maji. Kikavu. Maji. Sita kati ya kumi vililala nje.

Nikamuuliza Mama Micheline dirishani, "Mama, kitambaa ulifunga saa ngapi?"

Akaangalia pembeni kama musichana. "Papa Idrissa alitufundisha siku moja ya gym, pale Foyer. Fundo la bâche. Linashika mpaka Noël, mpaka Yesu azaliwe. Alisema wewe unajua, wewe haujali, mradi unapita."

"Mradi napita."

"Sasa je? Si unapita?"

Napita. Wiki mbili na nusu niliandika sawa, sawa, sawa, na nilikuwa nahesabu vitambaa sita ambavyo vingebaki pale vinapepea hata kama mwenyewe amelala nyuma ya mulango anagonga na bakora. Na Mama Wivine analala usingizi juu ya mwandiko wangu.

Nikinyamaza, dimanche haikuwepo. Nikinyamaza, itakuja dimanche nyingine.

Mercredi 5 novemba
Niligonga kila mulango leo, nikangoja uso. Wote kumi wapo. Imenichukua masaa mawili. Halafu nikaenda Foyer, nikamkuta Mama Wivine jikoni anachagua maharagi. Nilikuwa nimetengeneza hotuba. Ikapotea yote. Nikageuza cahier kichwa chini, nikaiweka mbele yake, upande wa nyuma.

"Ni nini?"

"Soma, Mama. Yote."

Akapangusa mikono, akasoma. Maji ya maharagi yakachemka, yakamwagika, hakuinuka. Niliyaangalia mimi. Alipofika mwisho alifunga cahier, akakaa.

"Natembea kama bata?"

"Mwenye haraka, Mama."

"Hm." Midomo ikatetemeka, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. "Nilikuona unaogopa, Carlos. Toka Jean-Bosco. Niliona unarudi mapema mno. Nikasema ni kijana, itapita, milango ameandika. Ningekuuliza." Akageuza cahier upande wa mbele, akatafuta dimanche. "Andika hapa chini. Usifute."

Nikaandika chini ya mustari: Sikusimama. Aliniita, sikusikia.

"Sasa utawasomea."

"Wote?"

"Wanaokaa nyuma ya milango ni wao."

Saa sita aliwaita wote waje kula Foyer, nikasoma mbele yao, wako na sahani mapajani. Mimi ambaye nasemaga kuliko redio, sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Micheline alishika rozari yake na hakuisali. Kisha akainua mukono, kama kwenye gym.

"Na changu kinalala nje. Wiki tatu."

Mukono mwingine ukainuka. Na mwingine. Sita.

Mama Wivine aliwaambia walete vitambaa. Akaviweka vyote kwenye beseni moja. Hakuna kitambaa tena. Asubuhi nashuka, nagonga, muzee anajibu, ndio naandika. Gamelle inatoka mukono wangu inaingia mukono wake. Na kwa woga wangu Paulin atanifundisha namna ya kunawa, namna ya kumpa mugonjwa maji yenye chumvi na sukari, na niyabebe siku zote, si klore peke yake. Alisema kuogopa hakujaniondoa kazini. Kuandika uongo tena kutaniondoa siku hiyo hiyo.

Jeudi 6 novemba
Kumi. Dakika mia na kumi.

Vendredi 14 novemba
Kumi. Kuna mugonjwa wa kolera tena, nyuma ya soko. Kwa kila mulango, kabla ya sauti kutoka, nahesabu mbao za mulango. Paulin alisema hofu itapungua. Haijapungua.

Lundi 24 novemba
Papa Idrissa amerudi. Alikataa gari la Foyer. Alisema alipelekwa na gari iliyokufa, atarudishwa na gari iliyokufa. Nilimsukuma mlima wote na alinitukana kwa kila kona. Kitanda chake tumekisogeza karibu na mulango. Hatatembea kama zamani.

Nikamwambia nilisoma mbele ya watu. Dimanche yote.

Akakasirika. "Nilikudanganyia bure?"

"Bure kabisa, Papa."

"Apprenti hana shukrani." Akaangalia nguzo, msumari peke yake. "Walisema nini juu ya fundo langu?"

"Walisema ni fundo zuri mno."

Akapangusa bakora yake kwa shati. "Niliwafundisha watu sita," akasema. Halafu akaomba ndizi.

Lundi 15 desemba
Mvua inapungua. Cahier imejaa, mbele na nyuma zimebakiza ukurasa mumoja zikutane.

Nimegonga milango kumi na moja. Mama Micheline aliniambia nimekonda. Mwingine aliniuliza kama mimi ni wa sensa. Kwa Papa Idrissa niligonga, nikasema, "Klakson!" kama kawaida. Hakujibu. Nikasikia mabati yanadondosha maji. Mukono wangu ulibaki juu ya mbao, na sikuweza kuuondoa wala kugonga tena.

"Niko," akasema. "Nilikuwa nasali. Ngoja mutu amalize."

"Nangoja, Papa."

Nikangoja. Sauti kumi na moja.